Miji ya Uingereza Kama Nilivyoisikia

Cherop mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda madukani Wheaton na rafiki yako kutafuta plagi ya umeme inayoingia kwenye kuta za Uingereza, nami nimebaki hapa jikoni na masanduku yako mawili yaliyouziba mlango wa jokofu. Baba yako amelala kwa sababu ana zamu usiku. Ameapa kwamba kesho ni yeye atakayekupeleka uwanja wa ndege, hata kama itambidi aendeshe gari akiwa bado na sare za kazini. Nyumba imetulia. Moyo wangu ndio hautulii; unarukaruka kama wa mtoto aliyeahidiwa soda.

Sitakuambia uvae sweta wala usisahau sufuria kwenye moto. Hayo umeyasikia tangu ukiwa na meno ya utoto. Wala sitakuambia upige simu kila Jumapili, kwa maana najua utapiga. Nataka kukwambia mambo ambayo mimi niliyakosea nilipokuwa mgeni, kwa sababu kesho mgeni ni wewe, na unakwenda kusomea kitu ambacho mimi kiliwahi kuninyima kazi.

Kisa cha Grosvenor unakijua, lakini unaijua ile nusu ya kuchekesha tu. Nilikuwa mgeni kabisa Marekani, nikiishi kwa shangazi yako hapa hapa Wheaton, na nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza ya kumtunza mama mmoja mzee. Mwanawe angenichukua stesheni ya Grosvenor. Shangazi yako aliniandikia jina hilo kwenye karatasi akaenda zake kazini. Nami nikalisoma kama nilivyofundishwa shule ya msingi, kwamba herufi haziwekwi bure: Gros-ve-nor. Nikakaa kwenye treni, mkoba mapajani, masikio wazi, nikisubiri sauti ya spika initajie Gros-ve-nor. Spika ikasema "Grovna." Nikasema moyoni, hiyo si yangu. Nikakaa. Treni ikanibeba mpaka mwisho wa reli, Shady Grove, ambapo watu wote walishuka nikabaki peke yangu.

Nilimwendea mfanyakazi wa stesheni nikamuuliza Gros-ve-nor iko wapi. Alikunja uso. Nikamwonyesha karatasi.

"Ah, Grovna!" akasema. "Umeipita zamani, mama."

Nilipofika huko hapakuwa na mtu. Nilipopiga simu niliambiwa wameshapata mwingine. Basi, hapo ndipo watu hucheka kwenye sherehe, na mimi hucheka nao: nilipoteza kazi kwa sababu ya herufi s.

Nusu nyingine ni hii. Niliporudi na treni, mtu mmoja aliniuliza kama kiti kilichokuwa kando yangu kina mwenyewe, nami nikatikisa kichwa tu. Sikufungua mdomo njia nzima. Wakati huo huo niliamua kwamba ili mtu aishi salama katika nchi hii, ni heri anyamaze. Kupitwa na stesheni ni jambo dogo, mwanangu. Kosa langu lilikuwa uamuzi ule, na nilikaa nao miaka mingi.

Unajua Kiingereza changu ni cha kwetu Uasin Gishu. P na b hubadilishana viti zikitaka, k na g vilevile. Sisi wenyewe nyumbani tuna neno la hilo, tunasema mtu anashrabu, na tunachekana bila huruma. Lakini kuchekwa na mwenzako mnayekula naye ugali si sawa na kuchekwa dukani na mtu usiyemjua. Nikajifunza kuelekeza kwa kidole. Nikajifunza kusema "this one."

Halafu wewe ukakua ukaanza kusikia.

Ulikuwa darasa la nane. Tulikwenda kukuchukua nyumbani kwa yule rafiki yako mliyekuwa mkicheza naye mpira, na mama yake, mwanamke mkarimu, akaniuliza ninafanya kazi wapi. Nikamwambia nafanya kazi Powi. Hakuelewa. Nikasema tena, Powi, karibu na Largo. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na viatu vyako mkononi.

"Mom, it's Buu-i," ukasema. "Buu-i. Please, just don't talk."

Bowie. B, o, w, i, e. Nani angekisia kwamba husomwa Buu-i? Sikukujibu. Tuliingia garini, ukaweka vipokea sauti masikioni, na mimi nikaendesha.

Sikukumbushi haya ili uone haya kesho kwenye ndege. Ulikuwa mtoto, na watoto wa umri ule huona aibu hata ya jinsi mama anavyofunga mlango. Ninachokiona leo ni kile nilichofanya mimi. Nilipaswa kukwambia, "Cherop, hilo limeniuma." Badala yake nilitii. Kwenye mikutano ya wazazi nilikaa nyuma. Mwalimu aliponiuliza swali nilikutazama wewe unijibie. Na kwa kunyamaza nikawa nakufundisha kwamba ulikuwa sahihi: kwamba mdomo unaokosea ufungwe. Ndiyo sababu na wewe ukafunga wa kwako. Nilipokusemesha Kiswahili ulinielewa yote, kisha ukanijibu kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiswahili mkoseaji angekuwa wewe.

Nashukuru Mungu kwamba majira ya joto yale sikuwa na mtu wa kukuachia.

Nilikuwa nimeanza kumtunza Mzee Alan, kwenye apatimenti yake Falls Church, na ukawa unakuja nami kwa shingo upande, unakaa kwenye kiti cha dirishani na simu yako. Yeye alikuwa fundi wa injini za meli maisha yake yote, Mwingereza aliyeoa Mmarekani akazeekea Virginia. Si msomi, wala hajawahi kujidai msomi. Siku moja nilikuwa nampangia barua zake, nikaona jina la mji wake, herufi kumi na moja zinazoishia na *burgh*, kwenye bahasha iliyotoka kwa dada yake. Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda kwa sababu yeye mwenyewe hasikii vizuri. Nikalisoma: "Ha-pis-pag."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikajuta. Ukainua macho kutoka kwenye simu.

"Rose," akaniambia akijifuta machozi, "hakuna mtu duniani aliyewahi kulisoma sawa. Ni Hezbra."

"Hezbra?" ukauliza. "Na hizi herufi nyingine zote?"

"Zipo tu."

"Kwa nini?"

Mzee Alan akaichukua ile bahasha akaitazama. Ninauona uso wake mpaka leo. "Unajua," akasema polepole, "nimezaliwa pale, nimebatizwa pale, na sijawahi kuuliza."

Naapa, Cherop, niliona kitu kikiingia ndani yako. Ukaja hapa ukautupa mkoba sebuleni, ukaenda maktaba ya Wheaton, na ukarudi na vitabu ambavyo havikuwa vimeazimwa na mtu. Kwa wiki nzima hatukula kwa amani. Ukanieleza kwamba *tun* lilikuwa ua au shamba, na ndiyo maana miji mingi inaishia na *ton*. Kwamba Oxon Hill, tunapopita kila tukienda Temple Hills, imebeba jina la Oxford, na Oxford yenyewe si kitu cha ajabu, ni kivuko cha maksai. "Ng'ombe, Mama! Watu wanavaa joho kwa ajili ya mahali ng'ombe walivukia maji!" Kwamba kuna mto Uingereza unaitwa Avon, na Avon kwa lugha ya waliotangulia maana yake ni mto, basi Waingereza wanasema mto mto. Nikakwambia hilo si geni, Ewaso ni mto kwa Kimaasai, na sisi tunasema Mto Ewaso Nyiro bila kuona haya. Na Watanzania wana Ziwa Nyasa, yaani ziwa ziwa. Ukaacha uma hewani ukanitazama kama hujawahi kuniona.

Halafu ikaja ile jioni. Nilikuwa naosha vyombo. Uliingia jikoni ukikimbia na soksi, ukateleza, ukashika sinki.

"Mom, they shrubbed!"

"Nani?"

"Watu wa mfalme! They all shrubbed!"

Ukanisimulia bila kupumua. Wanormani walipoiteka Uingereza, mfalme wao alituma makarani nchi nzima kuandika kila kijiji kina nini, na makarani wale walikuwa wageni, ndimi zao za Kifaransa. Mwanakijiji anasimama mbele yao anataja jina la kwao, na karani anaandika alichosikia. Hezbra wakaiandika Hapesburc, ngome ya mtu aliyeitwa Hap au jina kama hilo. Na mji wa Nottingham hapo kale ulikuwa Snotingeham, mji wa watu wa bwana Snot, lakini wale Wafaransa hawakuweza kuanza neno kwa *sn*, s ikawashinda, ikadondoka, na haikurudi tena. Ulipofika kwenye Snot ukaangua kicheko, kwa sababu kwa Kiingereza cha leo ni kamasi, na mji mzima uliokolewa na mtu aliyeshindwa kutamka. Nami nikacheka na povu la sabuni mikononi.

Ukaendelea na York. Warumi waliikuta na jina la wenyeji, labda la miti fulani, wakasema Eboracum. Waingereza wa kale wakaja wakasikia nguruwe mwitu ndani yake, wakasema Eoforwic. Wadenmaki wakaja na merikebu zao wakasema Jorvik. Kila aliyekuja alikosea, na kosa lake likawa jina.

Hapo ukachukua kitambaa ukaanza kufuta sahani ambazo hata sikuwa nimezisuuza.

"Mama," ukasema. Kwa Kiswahili. Kilikuwa kimepinda, lakini kilikuwa Kiswahili. "Ile siku ya Bowie. Mimi nilisema kitu mbaya."

"Nakumbuka," nikasema.

"Pole."

Nilikwambia tu hizo sahani bado zina sabuni. Nilipaswa kukukumbatia, mikono ikiwa imelowa vivyo hivyo, na hili pia naliandika katika makosa yangu: nilizoea kunyamaza hata pale nilipokuwa na furaha. Lakini mkutano wa wazazi uliofuata nilikaa mbele. Nikauliza maswali matatu kwa Kiingereza cha Uasin Gishu. Mwalimu alielewa mawili, la tatu nikalirudia, na dunia haikuanguka.

Hujaniuliza kwa nini mwaka juzi, uliposema shahada ya pili utasomea majina ya mahali, nilikuwa upande wa baba yako. Yeye alitaka ufamasia, nami nikakuuliza, "Utakula majina?" Niliogopa, basi. Nilikuwa nimewahi kusimama Grosvenor bila kazi, nikafikiri jambo ambalo halina mshahara unaoonekana kwa macho ni stesheni nyingine ya kupitwa. Uliponijibu kwamba kuna wazee kule pwani ya Norfolk wanaojua kila kipande cha shamba kwa jina lake, na kwamba wakifa majina yanakufa, nilisikia lakini sikuelewa. Kilichonifanya nielewe ni Jumamosi iliyopita.

Ulidhani nilikuwa nimekasirika pale ukumbini Temple Hills, kwenye sherehe ya kukuaga, maana nilisimama kwa ghafla. Sikukasirika. Mama Furaha, Mkongomani wetu mwenye sauti kuliko kipaza sauti, alikuwa ameuliza mbele ya watu wote, "Sasa ile masomo ya majina iko na kazi gani? Mutoto anaenda mbali hivi kwa majina tu?" Watu wakacheka kidogo, baba yako akaangalia viatu vyake, na wewe ukainama. Nilipoona umeinama, miguu yangu ilisimama yenyewe.

Niliwaambia habari ya kwetu. Kwamba Eldoret iliwahi kuwa namba. Wazungu walipogawana mashamba, pale palikuwa shamba namba sitini na nne, *sixty-four*, na wazee wetu wakasikia, wakasema Sisibo. Hakuna aliyewaandikia Sisibo. Ilitoka kinywani mwao na mpaka leo ukimwambia mzee wa kwetu Sisibo anajua ni wapi. Nikasema, "Binti yangu anakwenda kwa Waingereza kutafuta Sisibo zao, kwa sababu nao wanazo, tena nyingi, na wamesahau."

Baba Neema, yule Mtanzania mpole anayepiga kinanda, akasema kutoka nyuma, "Hata kwetu Iringa asili yake ni Lilinga. Kwa Kihehe ni ngome. Wajerumani ndio waliotuvurugia."

Nawe ukaruka kutoka kitini. "Ngome? Ngome kabisa?" Kwa Kiswahili, mbele ya watu zaidi ya hamsini! "Hata burgh ni ngome! Basi Iringa na Hezbra iko... ziko... ni ndugu!"

Walicheka Kiswahili chako, na wewe ukacheka nao, ukaendelea. Mama Furaha naye hakukubali kuachwa. Akasema kwao banasema Goma ilikuwa ngoma, muzungu akashindwa na ile ng akaandika alichoweza, *voilà*. Baada ya hapo nani angezuia? Pilau ilipoa. Kila mtu alikuwa na mto, kilima, soko lenye jina lililopinda. Watu ambao kwa miaka tumesalimiana tu na kuulizana habari za kazi walikuwa wanapigiana kelele majina ya mahali walikozaliwa. Baba yako alikuja akasimama kando yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi ndivyo vitu atakavyofanya huko?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi si ufamasia," lakini alikuwa anatabasamu, na tangu siku ile anawaambia watu kazini kwamba binti yake anachunguza historia ya Waingereza kwa niaba yao.

Kwa hiyo nenda, Cherop. Nenda ukakosee kwa sauti. Usifanye kama mimi, usikae miaka kwenye kiti cha nyuma ukisubiri siku utakapotamka kila kitu sawasawa. Watakuuliza jina lako linaandikwa vipi. Kogo, nyanya yako, huandika Jerop kwa J, mimi huandika Cherop, na wote tunamaanisha mtoto mmoja aliyezaliwa mvua ikinyesha. Waambie yote mawili. Ukikutana na mzee ambaye humwelewi, mwombe arudie, na asipokuelewa wewe, rudia. Na ukinisikia kwenye simu nikiuita mji wako jina ambalo halipo, nisahihishe kama unataka, lakini kwanza nisikilize.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nishike kalamu.

Mzee Alan ulimuaga Jumapili, nikafikiri yameisha. Leo asubuhi nilikuwa nampakia siagi kwenye mkate, redio inaongea, akainua mkono ghafla kama anayesimamisha gari. "Rose," akasema. "Mwambie msichana kuna shamba."

Nikazima redio. Akaniambia nyuma ya nyumba yao palikuwa na kiuga kidogo, baba yake akifuga nguruwe wawili pale, na kilikuwa na jina. Bahari ilikula kiuga hicho kabla yeye hajaanza kazi ya meli. Unajua jinsi bahari inavyokula ile pwani, ameshatueleza habari za nyumba zilizoanguka. Hajawahi kukiona kwenye ramani. Dada yake amefariki. Kwa kadiri anavyojua, yeye ndiye wa mwisho anayekikumbuka.

Nikamwomba alitaje jina. Akalitaja. Nikamwomba tena, na tena, nami nikawa nalirudia mpaka akaitikia kwa kichwa kwamba nimekaribia. Alisema neno la pili ndivyo watu wa kwao wanavyoita kijishamba kilichozungushiwa ua, na la kwanza ni jina la mwanamke ambaye hakuna aliyejua alikuwa nani.

"Linaandikwa vipi?" nikamuuliza.

"Sijui, Rose. Sijawahi kuliona limeandikwa. Tulikuwa tunalisema tu."

Niliendesha kutoka Falls Church mpaka hapa, barabara ya mzunguko ya Beltway yote, madirisha yamefungwa, nikilisema kwa sauti ili lisinidondoke njiani. Dereva mmoja kwenye foleni alinitazama akadhani naimba. Nimeingia ndani bila kuvua viatu nikatafuta karatasi, na hii hapa ndiyo karatasi yenyewe.

KITISPAITO.

Ndivyo nilivyolisikia. Huenda nimeweka p mahali pa b, huenda kuna herufi tano ambazo sikuzisikia kwa sababu hazitamkwi. Hayo ni yako. Uliza kule kama kuna mwingine analikumbuka. Lakini kwa kadiri tunavyojua mimi na Mzee Alan, leo ndiyo mara ya kwanza jina hilo limeandikwa tangu watu waanze kuishi pale, na aliyeliandika ni mama yako.

Rose